Sai-fai ya Kiswahili iko. Ni sisi mashabiki hatujapatana

Kila nikisema naandika sai-fai kwa Kiswahili, mtu hucheka kwanza halafu anauliza, "Kwani hao viumbe wa kutoka angani watasalimiana sabalheri?" Nimelisikia hilo swali kwa kinyozi, nikalisikia kwa matatu, na siku moja nikalisikia kwa jamaa aliyevaa fulana ya Naruto, ambaye yeye mwenyewe anapenda ninja wanaoongea Kijapani na hajawahi kuona shida yoyote. Sikasiriki. Lakini chini ya huo utani kuna imani imekaa vizuri sana vichwani mwetu, kwamba hizi hadithi za roketi, roboti na majoka zina wenyewe, wenyewe wako mbali, na sisi tumeingia ukumbini kupitia dirisha. Leo nataka kubishana na hiyo imani. Vuta stuli.

Tuanze na tarehe 8 Septemba 1966. Siku hiyo runinga ya Marekani ilionyesha kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek. Ndani ya ile meli inayosafiri kati ya nyota kuna afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, anaitwa Uhura. Jina limetoka kwa neno letu, uhuru. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alienda kwenye usaili akiwa amebeba riwaya ya Robert Ruark inayoitwa Uhuru, hadithi iliyowekwa hapa Kenya. Na kwenye hicho kipindi cha kwanza kuna kiumbe anayebadilisha sura, anamjia Uhura akiwa na umbo la mwanamume mweusi, na anamsemesha kwa Kiswahili. Lafudhi ni ya kukatwa alama, nakubali. Lakini ni Kiswahili, angani, siku ya kwanza kazini. Mwaka uliofuata kuna kipindi ambapo mashine inafuta kumbukumbu za Uhura, anaanza kufundishwa upya kusoma, na Kiingereza kikimkwama anarudi Kiswahili. Yaani waandishi wa Hollywood mwaka 1967 waliona ni sawa kabisa afisa wa karne ya 23 awe na Kiswahili kama lugha ya nyumbani. Halafu msee wa Umoja ananiambia mimi haiingiani.

Jina lake la kwanza nalo lina hadithi. Kwa miaka mingi alikuwa Uhura tu. "Nyota" lilikuja kwa kitabu cha pembeni mwaka 1982, likashikwa na mashabiki na waandishi wa riwaya, likazunguka huko nje karibu miaka 30, na filamu ya 2009 ndiyo ikalitamka rasmi. Kumbuka hiyo njia: kutoka pembeni, kupitia kwa mashabiki, hadi katikati. Nitairudia.

Na kabla mtu aniambie hayo ni maigizo tu: tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, lile jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Kwa sababu ya siku yenyewe na mahali penyewe, wakaiita Uhuru. Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa Kilifi, roketi si kitu cha muvi. Ni kitu kilichoruka juu ya bahari ya kwenu kabla mzazi wako azaliwe.

Sawa. Kama lugha iliingia angani mapema hivyo, mbona hatuna sehemu ya duka la vitabu yenye kibao kinachosema "Sai-fai ya Kiswahili"? Hapo ndipo lazima tuongee kuhusu mashabiki, kwa sababu mimi naamini utanzu hautengenezwi na waandishi peke yao.

Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha jarida huko Marekani, Amazing Stories. Alichokuwa akichapisha hakikuwa hata na jina la kueleweka. Yeye alilazimisha "scientifiction", neno ambalo hata kulitamka ni mazoezi ya ulimi. Lakini alifanya jambo moja dogo: alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Kijana wa mji huu akagundua kumbe kuna kijana wa mji ule anayesoma mambo yaleyale ambayo wazazi wanayaita upuzi. Wakaandikiana moja kwa moja, bila kupitia kwa mhariri. Wakaunda vilabu. Wakachapa vijarida vyao wenyewe. Wakagombana, na waligombana sana, hilo halijabadilika. Mwaka 1939 wakakutana New York kwa kongamano ambalo bila aibu waliliita la dunia. Tuzo ya Hugo iliyoanza 1953 ina jina la huyo mzee, na mpaka leo wanaopiga kura ni mashabiki wenyewe waliolipia uanachama. Hadithi zilikuwepo kitambo, Mary Shelley alichapisha Frankenstein mwaka 1818. Kilichokuja 1926 ni anwani.

Hata hiyo Star Trek ilikuwa karibu kufungwa baada ya msimu wa pili. Mashabiki, wakisukumwa na mke na mume, Bjo na John Trimble, wakamwaga barua kwa kituo cha NBC mpaka msimu wa tatu ukapatikana. Ukiona hayo ni mambo ya wazungu waliokosa kazi ya kufanya, muulize mamako kuhusu kadi za salamu. Watu wa hapa walikuwa wananunua kadi kwa pesa zao, wanajipa majina ya ajabu, wanatuma salamu redioni kwa watu 20 ambao hawajawahi kuwaona, na baadaye wanaunda vilabu na kutembeleana. Uwezo wa kuwa mashabiki tunao kwa damu. Ulikuwa tu umeelekezwa kwingine.

Sasa nikupeleke kwa rafu. Mwaka 1995 Katama Mkangi alichapisha riwaya inayoitwa Walenisi. Huyu ni Mkenya, mtu wa Pwani, msomi wa sosholojia, aliyewekwa kizuizini enzi za Moi na baadaye akagombea urais mwaka 1997. Kwenye riwaya, jamaa anaitwa Dzombo anahukumiwa na watawala wa nchi yake, na adhabu ni kuingizwa kwenye chombo cha angani kitakachoenda naye kusikorudi mtu. Dzombo anafaulu kukiongoza. Anatua kwenye ulimwengu mwingine uitwao Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Lisome jina polepole: wale ni sisi. Mwisho sikuambii, mimi si mtu wa kuharibia wengine utamu.

Hiyo ni sai-fai. Chombo cha angani kiko, ulimwengu mwingine uko, hukumu ya kutisha iko. Kama ingeandikwa kwa Kiingereza na mtu wa Chicago, kungekuwa na mtu amejichora tattoo ya hicho chombo. Lakini sisi tulipoipokea tulifanya kile tunachofanya na kila kitabu cha Kiswahili, tukakipeleka darasani na kukiuliza: "Jadili maudhui ya uongozi mbaya. Alama 20."

Sipigani na walimu. Walimu ndio wametufikisha hapa, na riwaya ya Mkangi enyewe inahusu uongozi mbaya. Lakini mtahini na shabiki huuliza maswali tofauti. Mtahini anataka kujua chombo kinaashiria nini. Shabiki anataka kujua kinatumia mafuta gani, nani alikijenga, na je, kulikuwa na wafungwa wengine waliorushwa kabla ya Dzombo, na kama walikuwepo, wako wapi saa hii? Swali la mtahini likijibiwa, unafunga kitabu. Hilo la shabiki linakufanya ukae macho saa saba usiku ukitunga kitabu kingine kichwani.

Na Walenisi haiko peke yake. Shaaban Robert aliandika Kusadikika, nchi inayoelea angani, ikachapishwa mwaka 1951. Kwenye Adili na Nduguze, ndugu wawili wanageuzwa manyani na ndugu yao analazimika kuwapiga viboko kila usiku. Said Ahmed Mohamed akamfufua babu mzima kwenye Babu Alipofufuka. Kyallo Wadi Wamitila akatupa Bina-Adamu!, ambayo msafiri wake anazunguka dunia akimsaka mtu anayeitwa P.P. Kezilahabi na Nagona yake, hiyo nitaacha usome mwenyewe halafu tulie pamoja. Vitabu hivi vyote vimepewa majina mazito ya wahakiki, uhalisiaajabu, majaribio, tashtiti, na majina hayo ni halali kabisa. Tatizo langu ni kwamba hakuna jina lililobaki kwa mtu anayesoma kwa raha zake kwenye kochi.

Rudi nyuma zaidi ukitaka. Fumo Liyongo alikuwa jitu lisilopenyeka kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni, na aliyepewa hiyo kazi ni mwanawe mwenyewe. Alipokufa alipiga goti na upinde mkononi karibu na kisima, na watu wakakaa bila maji kwa sababu walidhani bado yuko hai. Kabla ya hapo alikuwa ametoroka jela kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, akikata minyororo huku ngoma ya gungu ikifunika sauti. Kwa upande wa Nyanza kuna Lwanda Magere, mwili wa jiwe, udhaifu wake ukiwa kwenye kivuli. Nani angeshinda kati ya hao wawili? Mimi nasema Liyongo, kwa sababu ana mishale na Lwanda hana pa kuficha kivuli saa sita mchana. Ukikataa, karibu. Huo ubishi ndio naulilia. Watu wanaweza kubishana masaa mawili kuhusu Goku na Superman na hawajawahi kubishana dakika mbili kuhusu hawa.

Kuna mahali pamoja ambapo ushabiki wa Kiswahili umekuwa hai muda wote, na watu wa vitabu hawapataji kwa sababu pana mabenchi na vumbi. Ni kibanda cha muvi. DJ Afro anachukua filamu ya Marekani, ya Uchina, ya India, anaongea juu yake kwa Kiswahili cha mtaa, na huyo si mtafsiri, mtafsiri anaheshimu maneno ya wenyewe. Yeye anawapa wahusika tabia mpya, anamkejeli adui, anamwonya staringi, anatabiri kitakachotokea. Tanzania walikuwa na Lufufu akifanya kazi hiyohiyo, na Uganda wana mavijei mpaka leo. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na VJ Emmie anayeongea juu yake amekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Mimi nilielewa safari ya kurudi nyuma kwa wakati nikiwa na miaka tisa, kwenye benchi, kwa shilingi kumi, kwa sababu sauti fulani ilinielezea kwamba huyu roboti ametumwa kutoka kesho kuja kumuua mama ya mtu ambaye hajazaliwa. Hakuna aliyeuliza kama Kiswahili kinatosha. Kilitosha. Watoto walitoka hapo wakiigiza hiyo roboti hadi giza likaingia.

Kwa hivyo nikiambiwa soko halipo, huwa nakumbuka hizo benchi zilivyojaa.

Lakini wacha niwe mkweli kuhusu pesa, kwa sababu posti nyingi za aina hii huruka hapo. Rafiki yangu anaandika kwa Kiingereza. Majarida ya sai-fai ya Marekani yanayohesabika kuwa ya kitaalamu yanalipa kuanzia senti 8 za dola kwa neno. Hadithi ya maneno 3,000 ni dola 240, zaidi ya shilingi 30,000. Hiyo ni kodi ya nyumba. Mimi kwa hadithi ya urefu huohuo nimelipwa pongezi na emoji ya moto. Ile tuzo kubwa ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza ikiitwa Mabati-Cornell, imefanya kazi nzuri, lakini tuzo ni ya wachache kwa mwaka, huwezi kuipangia kodi. Rafiki yangu huniambia, "Bro, andika Kizungu ujulikane, halafu urudi na Kiswahili ukiwa na jina." Si ushauri wa kijinga. Nnedi Okorafor aliandika Binti kwa Kiingereza, akashinda Hugo na Nebula. Tade Thompson aliandika Rosewater kwa Kiingereza, akashinda Arthur C. Clarke mwaka 2019. Wanuri Kahiu alitupa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya Kenya baada ya vita vya maji, ikafika Sundance. Jina lake ni letu, maongezi ni Kiingereza. Nawapenda wote hao.

Kinachonizuia ni kitu kidogo cha sarufi.

Kwa Kiswahili roboti ni ya ngeli ya I-ZI. Roboti imeharibika, roboti imezima. Mtu na mnyama ni A-WA. Hii tofauti hatuifikirii, inatoka mdomoni yenyewe. Sasa fikiria hadithi ambapo mashine inaanza kuwa na nafsi. Mwandishi wa Kiingereza atahitaji kurasa kadhaa, au atabadilisha kiwakilishi, na hapo lazima aamue kama ni wa kike au wa kiume. Mimi nahitaji herufi moja. Hadithi yangu iko Marikiti mwaka 2071, kuna roboti ya kubeba magunia ya viazi, wachuuzi wameipa jina Mkokoteni. Kwa kurasa nane kila mtu anasema imechoka, imekwama, ichajiwe. Ukurasa wa tisa mtoto wa muuza chai anawaambia wapakuzi, "Msimwamshe. Amelala." Kuanzia hapo msimulizi naye anabadilika. Hakuna radi, hakuna macho mekundu. Ni ngeli tu imehama.

Hiyo nikiandika kwa Kiingereza inakufa. Na dunia yenye mashine zinazoongea inakuja kwetu tupende tusipende. Kuna vijana hapa Nairobi ambao kazi yao ya siku ni kufundisha akili bandia, bonyeza kwa bonyeza. Wao watazisema hizo mashine kwa "i" ama kwa "a"? Ningependa swali hilo tulijadili kwa lugha ambayo kwayo linaumiza.

Hiyo hadithi niliituma kama PDF kwa kikundi cha WhatsApp cha watu kama 40, wengi siwajui uso. Ndani ya saa moja mtu akaandika kwamba ukurasa wa tisa una kosa la ngeli, nirekebishe. Kabla nijibu, msichana mmoja akamjibu kwamba si kosa, arudi asome tena. Jamaa akasema sheria ni sheria, kifaa ni kifaa. Mwingine wa Kisauni akaingia na swali: basi maiti je? Kuna wanaosema maiti imezikwa na kuna wanaosema maiti amezikwa. Kama aliyekufa anaweza kubaki na "a", aliyeamka anyimwe kwa nini? Walibishana siku tatu. Mtu akatuma voisi ya dakika nne kuhusu kifaru, ambaye ana umbo la KI-VI na bado tunasema kifaru amelala. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa nasoma nikitetemeka kidogo, walai, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeuliza maudhui ya hadithi ni yapi.

Siku ya nne yule msichana, yuko kidato cha tatu, akatuma ukurasa wake mwenyewe wa kuendeleza hadithi. Kanjo wanakuja Marikiti wakitafuta mashine zilizoamka, wazibebe. Mkokoteni anawaita wachuuzi wote, anawaomba kitu kimoja: wakifika, msiseme "a". Semeni imezima, imeharibika, haina kazi. Na wote wanasema hivyo, soko zima, isipokuwa yule mtoto wa chai, ambaye hajui kudanganya.

Mimi nilikuwa tayari nimeandika sehemu ya pili yangu, yenye kufukuzana na lori linalolipuka Haile Selassie. Nimeiweka kando. Ijumaa natuma yake, jina lake likiwa juu, na jamaa wa kifaru amesema ana pingamizi tayari.